Naomba ushauri: tufunge sehemu ya ufuko ili kombe wakue?

Mchokoaji: Asalaam alaykum. Nachokoa kombe, wale wa magamba mawili wanaojizika mchangani, kusini mwa Unguja, kazi niliyoirithi kwa mama yangu. Zamani bamvua moja, yaani maji yanapokupwa sana, ilitosha kujaza ndoo. Siku hizi narudi na nusu, tena vidogo ambavyo vikichemshwa nyama yake haizidi ncha ya kidole. Wenzangu wanataka tufunge sehemu kwa mwaka mzima, ila wapo wanaosema tutakuwa tunamfugia pweza. Je, kombe mkubwa ana faida gani kuliko mdogo?

Mwanabahari: Waalaykum salaam, dada. Kombe hukua upesi akiwa mchanga, kisha kadiri anavyozeeka chakula anachokichuja majini hukielekeza zaidi kwenye uzazi kuliko kwenye mwili na gamba. Kwa hiyo wadogo ndio wanaoongeza nyama haraka, lakini wakubwa ndio wenye mayai mengi. Linalosahauliwa ni umbali: dume na jike hawagusani, kila mmoja humwaga chake majini, na wakitawanyika mmoja hapa mwingine kule, mayai mengi hayarutubishwi. Fungeni basi palipo na wengi, si palipokwisha kuchokolewa.

Mvuvi wa pweza: Ni kweli pweza anawala, maana pango lake tunalijua kwa magamba yaliyorundikana mlangoni. Lakini pweza huyo huyo si tunamuuza? Kaa na samaki aina ya taa nao wanakula hapo hapo. Ukiona gamba lenye tundu dogo la mviringo, kana kwamba limetobolewa kwa keekee, huyo kwa kawaida ni konokono, msikimbilie kumsingizia pweza.

Mwanabahari: Umesema kweli, kaka. Kombe hugeuza vijimea visivyoonekana kwa macho kuwa nyama, na kinyesi chake hurutubisha majani ya bahari wanamojificha samaki wachanga. Dada, kwenye rasi ya Fumba, hapo hapo Unguja, wanavijiji waliwahi kutenga maeneo ya kutochokoa. Waulizeni walivyokubaliana kuhusu ulinzi, kwa sababu hapo ndipo penye ugomvi. Nanyi chukueni kombe 50, wapigeni alama ndogo ya tupa kwenye ukingo wa gamba, wapimeni, muwarudishe. Gamba jipya litaota mbele ya alama, na kila bamvua mtaona limesogea kiasi gani.

Mchokoaji: Ahsanteni. Tupa ipo. Je, nikimrudisha atajizika mwenyewe?

Mwanabahari: Atajizika, ila mweke kwenye mchanga wenye maji katikati ya majani, asikauke kabla maji hayajajaa.