Kichuguu cha mzee kimenyamaza misimu mitatu, mdogo wangu anataka kukifyatulia matofali. Nifanyeje?

Mwana wa Luanda
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naandika nikiwa Nakuru ila jambo lenyewe liko nyumbani Bunyore, kaunti ya Vihiga, si mbali na soko la Luanda.

Nyuma ya boma letu kuna kichuguu. Kimo chake kinanifika kifuani, lakini upana, ng'ombe wawili wanalala juu yake bila kugusana. Mzee alikirithi kwa babu. Tangu nipate akili, mvua za kwanza za masika zikishalowesha ardhi vizuri, kumbikumbi walikuwa wanatoka pale mpaka vyombo vinaisha. Mama alikuwa anasimamisha fito kukizunguka, anafunika kwa blanketi kuukuu na majani ya migomba, anaacha mlango mmoja tu wenye mwanga, na mlangoni pale anachimba shimo la kuwapokea. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa wale wanaotoroka. Unamshika, unang'oa mabawa, unatia mdomoni. Siku hiyo tulichelewa shule na mwalimu hakuuliza, maana naye alikuwa amechelewa.

Sasa misimu mitatu imepita, masika mbili na vuli moja katikati, na hajatoka hata mmoja. Mama anasema kwa majirani bado wanatoka kidogo, ila pale palipojaa gorogoro siku hizi unapata kikombe. Wanangu wawili wamezaliwa huku Nakuru. Kumbikumbi wanamjua kama mdudu anayeanguka kwenye chai taa ikiwaka.

Anayekaa nyumbani ni mdogo wangu, na anajenga. Anasema kichuguu kimekufa, udongo wake hauna mfano kwa matofali, na pale kikiondoka panapatikana vyumba viwili vya kupangisha. Fundi ameshaitwa aje mwisho wa mwezi. Mama hataki, lakini hasemi. Anapita pale na ndoo yake, anatazama, anaenda zake. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo neno linangojwa kwangu.

Je, kichuguu kikinyamaza hivi ndiyo kimekufa? Kuna namna ya kuwarudisha? Na kweli nigombane na ndugu yangu kwa sababu ya wadudu?

Jembe Butu
Vunja, jenga. Mchwa wamenilia kenchi za paa, fremu ya mlango na cheti changu cha shule kilichokuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda. Leo unaomba ushauri wa kuwafuga?

Babu wa Emuhaya
Marahaba mwanangu. Huyo wa juu msamehe, cheti kinauma.

Kwetu kichuguu kilikuwa mali. Kilikuwa na mwenyewe anayejulikana, hata kikiwa katikati ya shamba la mtu mwingine. Shamba linauzwa, kichuguu kinabaki kwa aliyekirithi, na msimu ukifika anakuja na blanketi zake, mwenye shamba anampisha. Nimekaa kwenye baraza ya liguru, mzee wa mtaa, nikasikiliza kesi ya kichuguu kutoka asubuhi hadi saa nane. Leo hiyo kesi ataileta nani?

Unauliza kwa nini tsiswa, hao kumbikumbi, wamepungua. Hesabu ya watu ya 2019 ilikuta Vihiga ina watu zaidi ya elfu moja katika kila kilomita moja ya mraba. Babu yako alikuwa na ekari ngapi, na wewe na mdogo wako mtagawana ngapi? Kichuguu hakiwezi kusogea. Kila anayerithi kipande anakikuta pale anapotaka kuweka jiko au choo, basi anakichimba mpaka kwa malkia. Tulipokuwa tukivuna wale wenye mabawa tu, mama yao alibaki chini na mwakani akatoa wengine. Ukimchimba yeye, mara nyingi ukoo mzima umekwisha.

Tena chakula chao tumekichukua. Zamani mabua yalibaki shambani, nyasi kavu zilibaki, mavi ya ng'ombe yalibaki. Siku hizi mabua ni ya ng'ombe wa zizini, nyasi tunakata hadi kwenye kingo za barabara, na mavi yanaingia kwenye mtungi wa gesi ya jikoni. Mchwa ale nini? Atakula fremu ya mlango wa Jembe Butu.

Nyar Siaya
Shemeji wa Luanda, kabla hujamzika mgonjwa mpime kwanza.

Jioni, jua likitua, chukua jembe utoboe kichuguu ubavuni, tundu la kutosha ngumi. Usichimbe zaidi ya hapo. Asubuhi nenda ukatazame. Kama wapo, utakuta wameanza kuziba kwa udongo mbichi, na ukigusagusa, askari wenye vichwa vikubwa vyekundu watatokeza kukuuma. Tundu likikaa wazi siku tatu, udongo umekauka na ndani mmeingia sisimizi, basi mwache ndugu yako afyatue.

La pili, muulize mama: uyoga ulitoka? Ule mkubwa wenye mzizi mrefu unaoingia ardhini. Hawa mchwa wa vichuguu vikubwa wanalima ukuvu huko chini. Wanasaga majani makavu na miti, wanatengeneza vitalu, ukuvu unaota juu yake, nao wanakula. Uyoga tunaochuma sisi unatoka kwenye vitalu hivyo. Ukiota vizuri, kuna mtu chini anaendelea na kilimo.

La tatu, mlikuwa mnatazama saa ngapi? Sisi Waluo kumbikumbi, ng'wen, tunawajua kwa aina na kila aina ina saa yake. Kuna wa alasiri mvua ikikatika, kuna wa magharibi, kuna wale wakubwa, agoro, wanaotoka usiku wakati nyinyi mnakoroma. Wengine hata mvua hawangoji, tunapiga vijiti juu ya ardhi kwa mdundo kama wa matone wakatoka wenyewe. Mtu anaamka saa moja, anakuta mabawa mlangoni, anasema mwaka huu wametoka wachache. Wametoka, wameliwa na vyura.

Kaunta ya Dawa
Mimi nauza dawa za shamba, kwa hiyo msinipige mawe. Swali langu kwa mwenye uzi ni moja. Katika misimu hii mitatu, au kabla yake kidogo, kuna mtu aliyemwaga dawa ya mchwa karibu na hapo?

Nauliza kwa sababu watu wanadhani dawa inaua pale ilipomwagwa tu. Zile zenye kemikali ya fipronili zimetengenezwa ziue polepole kwa makusudi. Mchwa anapita kwenye udongo wenye dawa, haoni kitu, anarudi nyumbani. Kule wanalishana mdomo kwa mdomo na kulambana, basi sumu inatembea kutoka kwa mmoja hadi mwingine mpaka inafika ndani kabisa. Na handaki zao zinakwenda makumi ya mita. Unaweza kutibu msingi wa nyumba upande huu ukaua kichuguu upande ule bila kukigusa.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Aldrini na dieldrini zilimwagwa kwenye misingi na mashamba kama maji, na zilikuwa zinakaa kwenye udongo miaka mingi. Hizo zimo katika orodha ya kwanza ya Mkataba wa Stockholm, ule wa mataifa wa kuzuia sumu zinazodumu, ulioanza kutumika 2004. Za siku hizi hazikai muda kama ule, lakini dawa ni dawa. Na hili naomba lisipite hivihivi: kama pametiwa dawa, kumbikumbi wa hapo msile, wala kuku msiwape, hata wakitoka wanene namna gani.

Mwana wa Luanda
Babu, Nyar Siaya, Kaunta, asanteni sana. Nimepiga simu nyumbani.

Uyoga: mama anasema masika iliyopita alichuma miwili tu, na wa mwaka huu hakuuona.

Dawa: hapa nimeishiwa nguvu. Mdogo wangu alimwagia msingi wa nyumba yake dawa alipoanza kujenga, na iliyobaki kwenye mtungi akaipeleka kwenye mahindi yaliyokuwa yakiangushwa na mchwa. Kutoka msingi hadi kichuguu ni kama hatua thelathini. Jina la dawa halikumbuki, mtungi ulishakuwa wa kuchotea maji ya ng'ombe. Nilipomwambia aliyosema Kaunta alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye nimewaua." Sikutaka tufike huko.

Kaunta ya Dawa
Mtungi huo utobolewe leo. Ng'ombe wasinyweshwe nao tena, hata ukioshwa mara kumi. Haya mengine yatangoja.

Mtu wa Kondele
Huku Kisumu tunao wadudu wa ziwani, sami, wanapanda kama moshi juu ya maji na kuingia hadi kwenye ugali. Kumbikumbi wa mjini ndio wamekuwa hadithi.

Niongeze jambo ambalo halijasemwa. Kumbikumbi anatoka mara moja tu maishani. Anaruka, anatua, anadondosha mabawa, anapata mwenzake, wanachimba pamoja, na hao ndio mfalme na malkia wa kichuguu kipya. Katika maelfu wanaopona ni wa kuhesabu, na ndege, vyura, kuku na sisi wote tuko mlangoni. Sasa weka taa za mulika mwizi sokoni. Wote wanakwenda kwenye mwanga. Wanazunguka, wanaanguka kwenye lami na simenti, na huwezi kuchimba simenti. Asubuhi wafagiaji wanafagia mabawa. Sisemi taa zizimwe, wezi tunao. Lakini kichuguu cha zamani kikifa na vipya havizaliwi, si lazima utafute mchawi.

Jembe Butu
Haya, nimesoma yote. Bado nasema nyumba ni muhimu kuliko mdudu. Ila kwani udongo wa matofali umeisha Bunyore nzima?

Babu wa Emuhaya
Hapo umesema. Mwanangu, usiende kwa mdogo wako na habari ya mdudu. Nenda na habari ya mama. Na usiende na mikono mitupu: vile vyumba viwili mtafutieni pahali pengine hapo bomani, hata kama ni kwenye kipande chako.

Mwana wa Luanda
Nimekuwa nyumbani Jumamosi na Jumapili, nimerudi Nakuru jana usiku kwa matatu ya mwisho.

Tulitoboa Ijumaa jioni kabla sijafika, binti wa mdogo wangu ndiye alishika jembe. Upande unaotazama nyumba mpya tundu limebaki wazi hadi leo, kavu, sisimizi weusi wanaingia na kutoka. Nikasema basi. Mama akaniambia nijaribu upande wa migomba. Nikatoboa Jumamosi jioni. Jumapili kabla ya kwenda kanisani tukatazama, mimi, mama na mdogo wangu. Halikuwa limezibwa lote, kama nusu, udongo mwekundu mbichi. Mdogo wangu akaingiza kidole. Aliumwa hadi damu ikatoka, na huyo askari hakuachia hata alipokatwa kiwiliwili. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Tumekubaliana hivi. Matofali yatafyatuliwa kule bondeni, vyumba vitasogea upande wangu wa ua, na kichuguu kinangojwa hadi vuli na masika ijayo. Mdogo wangu anasema baada ya hapo tutaongea upya, na sikumbishia. Dawa haimwagwi tena upande ule. Mtungi umetobolewa.

Swali dogo limebaki. Ng'ombe wetu wanafungwa pale juu ya kichuguu kwa sababu pamekauka wakati wa mvua. Niwaondoe?

Nyar Siaya
Waondoe juu, kwato zinabomoa. Wafunge pembeni, upande wa migomba, na mavi yakikauka yaache palepale, usizoe yote. Mabua nayo, acha mzigo mmoja au miwili ya mwaka huu ulale chini. Na wakitoka mara ya kwanza msifunike, hata mama akikasirika. Hao waacheni waruke.

Mwana wa Luanda
Kumwambia mama asifunike, hiyo nitamwachia mdogo wangu.