Mahubiri yanafunika utabiri wa hali ya hewa huku Igombe: tuanzie wapi?

Mkazi wa Igombe
Ndugu wadau, wavuvi wa dagaa wa mwalo wetu, yaani ufuko wa kuegesha mitumbwi, husikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni kabla ya kuingia ziwani. Hii ni wiki ya tatu ambapo, ikifika saa kumi na mbili jioni, sauti ya mtangazaji hupotea na mahubiri hushika nafasi yake, wala jina la kituo halitajwi. Juzi mdogo wangu aliondoka bila kusikia neno lolote kuhusu upepo. Alirudi alfajiri akiwa amepoteza taa mbili, na mtumbwi umejaa maji hadi kwenye vifundo vya miguu. Je, hii ni redio isiyo na leseni, na nani mwenye mamlaka ya kuizima?

Fundi Mitambo
Pole sana kwa mdogo wako. Kabla ya kumtuhumu mtu, hakikisha kwanza kwamba mawimbi hayo ya redio hayatoki ng'ambo. Tabaka la hewa ya joto likikaa juu ya hewa baridi yenye unyevu iliyo karibu na maji, mawimbi ya FM hupinda na kusafiri mbali kuliko kawaida, kiasi kwamba kituo halali cha Uganda au Kenya kinaweza kusikika Mwanza kana kwamba kiko mtaa wa pili. Hali hiyo huja na kuondoka kadiri hewa inavyobadilika. Haifuati ratiba ya ibada. Fupisha antena ya redio yako mpaka mwisho: mahubiri yakiendelea kusikika vizuri, basi mtambo uko jirani. Redio ya FM hushika mawimbi yenye nguvu zaidi mahali ilipo na kuyaacha yaliyo dhaifu, ndiyo maana mtambo mdogo ulio karibu hukifunika kituo kikubwa kilicho mbali.

Mwenye mamlaka ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapo Mwanza. Kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kurusha matangazo bila leseni ni kosa la jinai, hata kama yanayorushwa ni maneno mema. Peleka masafa, tarehe, saa, mahali ulipokuwa umesimama na sauti uliyorekodi. Msipande mnara wala kukata waya wa mtu.

Naomba pia mkumbuke kwamba Igombe iko karibu na uwanja wa ndege. FM huishia megahezi 108, na mawasiliano ya sauti kati ya marubani na waongoza ndege huanzia 118. Mtambo usio na kichujio kizuri, ukiwa karibu na mwingine, unaweza kuzalisha masafa ya tatu: chukua 107.5 mara mbili, toa 96.0, utapata 119.0, ambayo tayari ni masafa ya ndege.

Mama wa Kirumba
Niliwahi kujitolea katika kituo kidogo cha kikundi chetu cha ibada, nasi tuliamini kwamba leseni ni ya wafanyabiashara. Mtambo tuliuweka juu ya kabati, ukipozwa na feni ya mezani. Wakaguzi walipofika na vifaa vya kutafutia mwelekeo wa mawimbi, walituonyesha kwamba ulikuwa ukitoa mawimbi hata mahali ambapo hatukukusudia. Niliona aibu, kwa sababu hakuna jirani aliyekuwa ametuambia kwamba tunamkosesha taarifa. Ukiwafahamu wahusika, ndugu yangu, waendee wewe na mzee mmoja wa mwalo, lakini taarifa TCRA ipelekeni siku hiyo hiyo, kwa sababu wavuvi wanaingia ziwani kila jioni.

Mkazi wa Igombe
Ahsanteni sana. Jana nilifupisha antena yote nikiwa mwaloni, na mahubiri hayakutetereka. Nilipofika barabara ya juu, mtangazaji wetu alianza kusikika tena. Nimerekodi sehemu zote mbili na kuandika saa. Kesho asubuhi nakwenda mjini na mwenyekiti wa mwalo, na mpaka hapo tumekubaliana kwamba kijana mmoja asikilize utabiri akiwa barabarani, kisha ashuke kuwaambia wavuvi kabla mitumbwi haijaondoka.