Tupeane uzoefu: siku hewa ilipokuonyesha nguvu yake

Wakuu, habari za saa hizi.

Mimi ni mpagazi Kilimanjaro, njia ya Machame. Juzi kambi ya Barafu, mita 4,673, nilimaliza maji, nikakaza kizibo, chupa nikaitia kwenye begi. Kushuka mpaka geti la Mweka, chini mlimani, naikuta imebonyea, mbavu zimeingia ndani kama mtu kaikalia, na begi hilo nilikuwa nimelibeba kichwani njia nzima! Nilipofungua kizibo ikavuta pumzi, fsss, ikarudi umbo lake. Wakati wa kupanda mambo huwa kinyume: pakiti za krispi zinavimba hadi zinakuwa ngumu kama mpira.

Hewa niliyoifungia Barafu haikupungua hata chembe. Kule juu presha ni kidogo zaidi ya nusu ya ile ya pwani, Mweka inazidi robo tatu. Hewa ya nje ikaibana ya ndani mpaka ikabaki na kama theluthi mbili ya ujazo wake. Hewa ileile imejibana kwenye nafasi ndogo, basi densiti, yaani wingi wa hewa kwenye nafasi ileile, imepanda. Mwanasayansi Robert Boyle aliichapisha kanuni hii ya presha na ujazo mwaka 1662, lakini mimi nimeielewa kwa chupa.

Leteni na yenu.

Mzamiaji wa Nungwi: Huku kwetu hiyo ni suala la uhai, mkuu. Kila mita 10 za kina zinaongeza presha sawa na ile ya hewa yote iliyo juu ya bahari. Puto la lita 4 ukilishusha mita 10 linabaki lita 2; mita 30, lita 1 tu. Na hewa unayovuta kina hicho ina densiti mara nne, kwa hiyo mtungi unaisha mbio. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kushtuka, akabana pumzi na kuanza kupanda. Nilimshika mguu, nikamwonyesha kwa mkono: toa hewa, toa! Angeendelea hivyo, hewa ingetanuka na kumpasua mapafu. Bado naona macho yake ndani ya miwani.

Fundi dizeli, Njombe: Nilileta mashine ya kusaga kutoka Tanga. Kule ilikuwa inasaga vizuri, huku karibu mita 2,000 ikatoa moshi mweusi na nguvu hakuna. Nilifungua nozeli, nikabadilisha filta, wapi! Kumbe silinda inavuta ujazo uleule, ila hewa yenyewe ni nyepesi, na dizeli inaingia kiasi kilekile. Nilipopunguza mafuta kwenye pampu moshi ukakata. Nguvu ya Tanga haikurudi, haina tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye silinda.

Mama wawili: Mwanangu alilia sana ndege ilipoanza kushuka. Nikamnyonyesha, akanyamaza. Kumeza kunafungua njia ya sikio, presha zinalingana.

Mgeni jukwaani: Kwa hiyo ni kweli kileleni oksijeni imepungua?

Mleta mada: Ndugu yangu, fungu lake ni lilelile, asilimia 21, kilele cha Uhuru na Tanga. Ila mita 5,895 presha ni karibu nusu, chembe zimetawanyika, pumzi moja inakupa karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwezi uliopita nilitembea na mzee mmoja kutoka Stella Point, ukingoni mwa kreta karibu na kilele. Hatua tatu, anasimama, anahema mara tano. Hatua tatu tena. Nami nikasimama naye kila mara, mpaka kwenye kibao cha kileleni.