Neno tarakilishi limekwama, neno ukimwi limepita: tuunde maneno au tutohoe?

Mleta mada:
Wakuu habari zenu. Kuna watu kila siku wanalia kwamba kutohoa, yaani kuchukua neno la kigeni na kulitamka Kiswahili, kunakiua Kiswahili, eti tuige watu wa Iceland, wao kompyuta wanaiita tölva, wameunganisha neno la namba na la mwanamke mtabiri. Mimi naona hapo siyo pa kugombania. Kiswahili kinaishi kwenye viambishi, vile vipande tunavyobandika kwenye neno kama ki-, vi-, wa-. Chukua kitabu, kwa Waarabu ni kitab na wingi wake kutub, ile ki wala siyo kiambishi, ni sehemu ya neno lao lenyewe, sisi tukaidaka tukaifanya kama ya kiti na viti ndo tukapata vitabu. Kilabu nayo ikaja hivyo hivyo, vilabu. Sasa hapo nani kammeza mwenzake?

Mpinga Kutohoa:
Mkuu hiyo ya zamani. Mturuki anasema bilgisayar, yaani kinachohesabu taarifa, Mfini anasema tietokone, mashine ya maarifa, mtoto anaanza kupata picha kabla hata hajafundishwa. Sisi tunashindwa nini?

Mleta mada:
Hatushindwi ila hao wameunganisha maneno yanayosikika. Tarakilishi, lile neno tulilounda la kompyuta, ni tarakimu imekatwa mkia ikagandishwa na akili halafu ikabandikwa -shi, ukiisikia mara ya kwanza hushiki hata kipande kimoja. Linganisha na kipaza sauti: ki- ya kifaa, kitenzi paza, halafu sauti. Kinasa sauti, kizima moto, zote mtindo huo na hakuna aliyezikataa.

Mpita Njia:
Na ukimwi je? Upungufu wa Kinga Mwilini, vipande vitupu, mbona imekubalika?

Mleta mada:
Hapo umenibana kidogo 😄 ila cheki ilivyokaa, imeanza na u- kama ugonjwa, kwa hiyo "ukimwi huu umeenea" inateleza yenyewe, wengi hawakumbuki hata kama ni kifupisho. Na wale mnaochukia kuchati, ivunjeni wanachatiana: wa-, -na-, -an-, -a vyote vya kwetu, mgeni ni chati peke yake tena kabanwa katikati.

Mpinga Kutohoa:
Kwenye kuchati sina ugomvi. Shida yangu ni vitabu vya sayansi, mwanafunzi akikutana na hidrolisisi (kemikali kuvunjwa kwa maji), hizo wa- na -an- zako hazimsaidii kitu, anakariri tu. Huko ndo waunde, tena kwa huo mtindo wa kipaza sauti unaousifia.