Kura zikilingana, bakuli ndilo liamue?

Wadau, kuna hoja inayorudi kila tukijadili chaguzi: kwamba kura zikilingana, bahati nasibu ndiyo haki, haina gharama wala upendeleo. Mimi naikataa, na sababu yangu ni eneobunge la 94 la Baraza la Wajumbe la Virginia, Marekani, kule Newport News.

Novemba 2017 David Yancey wa Republican alimtangulia Shelly Simonds wa Democratic kwa kura 10 tu. Desemba 19 zikahesabiwa upya, Simonds akaongoza kwa kura moja. Kesho yake majaji watatu wakaikubali karatasi iliyokuwa imewekwa kando. Mwenye karatasi ile alijaza duara la Yancey, akajaza na la Simonds, kisha la Simonds akalipiga mstari. Majaji wakampa Yancey. Ikawa 11,608 kwa 11,608.

Januari 4, 2018, majina yakatiwa kwenye vikopo viwili vya filamu ya kamera, vikopo vikawekwa ndani ya bakuli la kauri, mwenyekiti wa bodi ya uchaguzi akachomoa kimoja. Yancey. Sheria yao ndiyo inavyosema, hakuna aliyeivunja. Lakini mle bakulini hamkuwa na kiti kimoja, mlikuwa na baraza zima! Republican wakabaki na 51 dhidi ya 49. Angetoka Simonds, ingekuwa 50 kwa 50.

Najua mtaniambia hata neno kura, tulilolipata kwa Waarabu, asili yake ni bahati nasibu. Kweli kabisa. Ila watu wakipigia kura mafungu ya samaki, wameshakubaliana kwanza kuwa mafungu yamelingana, yeyote achukue lolote. Yancey na Simonds hawakuwa mafungu yanayolingana, na waliowachagua walilijua hilo.

Gharama za kurudia uchaguzi zipo, na safari ya pili huenda wakajitokeza wachache. Bado naona ni nafuu kuwarudisha vituoni watu 23,000 na ushei kuliko kuwapa mjumbe wa miaka miwili aliyetoka kwenye kikopo.

Simonds alimshinda Yancey mwaka 2019, ila mipaka ilikuwa imechorwa upya kwa amri ya mahakama, kwa hiyo ushindi ule siutumii kama ushahidi.

Anayetetea bakuli, anijibu hapo kwenye mafungu.