Lita 5 za kwanza: nianze na unga wa kimea, shayiri yenyewe, au mbege?

Mgeni_wa_Sufuria (Arusha)
Wakuu, habari zenu. Nataka kujifunza kupika bia nyumbani, kidogo tu, lita 5, ili ikiharibika niimwage bila kulia. Nina sufuria ya lita 10, jiko la gesi, dumu la maji lenye mfuniko na kipimajoto cha jikoni. Nimesoma mpaka nimechanganyikiwa. Kuna wanaokoroga unga wa kimea, kuna wanaoanza na shayiri, na shangazi yangu ananicheka, anasema nipike mbege, pombe ya ndizi na ulezi, niache uzungu. Ipi inamfaa mtu asiyejua kitu?

DadaKimea (Dar)
Unga wa kimea, kaka. Kiwanda kimeshakamua utamu wa shayiri na kuukausha, wewe unakoroga kama maziwa ya unga. Gramu 600 kwa lita 5 zinakupa bia ya asilimia 4 na ushee. Chemsha saa moja na hopsi (maua makavu ya kutia uchungu) gramu 10 hivi, poza sufuria kwenye beseni la maji ya barafu, mimina kwenye dumu, nyunyiza nusu pakiti ya hamira ya bia. Pakiti ya gramu 11 inatosha lita 20, kwa hiyo nusu nyingine ifunge vizuri uweke friji.
Ubaya wake ni bei. Wangu huletwa na mtu anayesafiri, na mizigo ikichelewa sipiki.

Shayiri_Tupu (Nairobi)
Hapo napinga. Mgeni, umewahi kuona mama akipika togwa? Uji mzito unapozwa mpaka uvuguvugu, unatiwa kimea, na baada ya muda uji ule ule unakuwa mwepesi na mtamu bila sukari. Basi bia ya shayiri ni mambo hayo hayo, ila unashikilia joto: nyuzi 65 hadi 68, saa moja.
Kwa lita 5 chukua kimea kilo 1.1 kilichopondwa (kipasuke, kisiwe unga), kitie kwenye mfuko wa neti ya pazia, uzamishe katika maji lita 8. Funika sufuria na blanketi. Saa ikiisha, inua mfuko, ukamue, chemsha na hopsi. Maji yatapungua yenyewe mpaka lita 5.
Angalizo: kimea ni shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Ile ya kulishia ng'ombe haijaoteshwa. Mimi nilinunua gunia dogo kwa pupa, nikaishia na uji wa kijivu uliokataa kuwa mtamu. Mbwa walikula.

DadaKimea
Kweli, lakini hiyo ni saa tano jikoni, na mume anauliza chakula kiko wapi 😂

Mzee_wa_Kibosho
Vijana, mmeipita mbege kama gari lisilo na breki. Nyumbani tunamenya ndizi zilizoiva hasa, tunazichemsha kwa muda mrefu mpaka zigeuke wekundu wa udongo, tunaziacha zichachuke siku kadhaa, ndipo tunachuja. Ulezi unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa, unapikwa uji. Uji ukipoa unachanganywa na maji yale ya ndizi, pamoja na gome la msesewa lililochemshwa. Msesewa ndio hopsi zetu: unaleta uchungu. Kesho yake unakunywa.
Lakini nisikudanganye, mjukuu. Mbege haingoji mtu. Siku ya pili ni tamu, ya tatu inaanza kugeuka siki. Lita 5 peke yako utazimaliza vipi? Mbege ni ya watu, inazungushwa kwa kata. Kama huna wageni, usipike. Na usiifunge kwenye chupa kabisa, bado inachemka.

Mgeni_wa_Sufuria
Shikamoo mzee, hapo umenigusa, naishi peke yangu. Swali la woga: hizi za nyumbani haziwezi kunipofusha?

DadaKimea
Bia ya nafaka iliyochachuka tu haina sumu ya kiasi hicho. Habari za watu kupofuka ni za pombe kali iliyoharibiwa au kutiwa spiriti za viwandani. Wewe usikeneke kitu. Gongo ni kosa kisheria na ni hatari.

Mbali_na_Nyumbani (Minnesota)
Huku Marekani sheria ya 1978 inamruhusu mtu mzima kupika galoni 100 kwa mwaka kwa matumizi ya nyumbani, ndiyo maana vifaa vimejaa. Nikija likizo Tanga, joto ndilo linanishinda. Hamira nyingi za bia hutaka nyuzi 18 hadi 22. Kwenye nyuzi 30 bia inatoa harufu ya rangi ya kucha. Kuna aina ya Norway, kveik, inayofurahia nyuzi 30 na zaidi. Dada wa Dar, hiyo ndiyo yako. Arusha mna baridi nzuri, hamira ya kawaida inatosha.
Jambo la pili ni chupa. Usianze na za glasi. Tumia za soda za plastiki, nusu lita, kumi. Bia ikitulia kabisa, tia sukari gramu 30 kwa lita 5 zote, funga, kisha kila siku bonyeza chupa kwa vidole. Ikiwa ngumu kama mpira uliojazwa upepo, peleka friji. Nililipukiwa na glasi kabatini, nikaokota vipande hadi kwenye viatu.

Shayiri_Tupu
Na suuza sana dawa ya kufulia nguo nyeupe mkiitumia kusafishia dumu. Ikibaki kidogo, bia inanuka hospitali.

Mgeni_wa_Sufuria *(wiki mbili baadaye)*
Nimeenda na unga wa kimea, dada ameshinda. Haidromita (kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki) ilisoma 1.046 siku ya kwanza, juzi 1.012, leo 1.012, haijasogea, yaani imetulia. Nimeonja ya kipimo: haina gesi, chungu kidogo, inanukia mkate. Chupa kumi ziko chini ya kitanda, nazibonyeza asubuhi na jioni. Shangazi amekuja, kaonja, kasema "ni togwa iliyokasirika." Kaomba ya pili.