Vidonge vya fangasi: waliowahi kumeza, tupeane uzoefu

Wakuu, nimeandikiwa terbinafini kwa fangasi ya kucha za miguu. Kidonge kimoja kwa siku, miezi mitatu. Daktari anataka nipime ini kwanza, mama watoto anasema hapo wanatafuta hela tu. Mliopita njia hii mnasemaje?

Mama Mapacha: Hiyo hela toa, baba. Wanangu walishikwa na mapunye wakapewa griseofulvini. Nilipoona vinywele vinachomoza nikaacha dawa. Haukupita mwezi yakarudi, tena kwa wote wawili. Kumbe dozi yake ni wiki 6 hadi 8, na inataka chakula chenye mafuta ndiyo iingie vizuri mwilini. Mimi nilikuwa nawapa na chai ya rangi!

Dereva wa usiku: Hiyohiyo griseo mimi niliishushia na bia mbili. Uso ukawaka kama nimepakwa pilipili, moyo unakwenda mbio. Sikurudia.

Mjukuu wa Bibi: Yangu ni ya bibi. Ana sukari, anatumia glibenklamidi. Akawashwa, nikaenda duka la dawa nikachukua flukonazoli. Hawakuniuliza mgonjwa ni nani, na mimi sikusema. Kesho yake mchana namkuta anakoroga chai, kijiko kinagonga kikombe kwa kutetemeka, kanga imelowa jasho, ananiita kwa jina la marehemu babu. Kipimo cha sukari kikasoma 2.6, iko chini mno. Tukamnywesha maji ya sukari, mbio hospitali. Wakatueleza kwamba flukonazoli inalizuia ini kuiondoa dawa ya sukari, kwa hiyo inajazana kwenye damu na sukari inaporomoka. Sasa hivi nikienda dukani nabeba na pakiti za dawa zake zote.

Nipo famasi: Mleta mada, pima ini. Ukishaanza, ukiona macho ya njano, mkojo kama chai kali au kichefuchefu kisichoisha, acha dawa urudi kwa daktari siku hiyohiyo. Wengine chakula kinapoteza ladha, nalo mwambie. Na mtu asikuuzie ketokonazoli ya kumeza kirahisi: Ulaya walipendekeza isimamishwe kwa fangasi mwaka 2013 kwa sababu ya ini. Shampuu yake haina neno. Kina dada, mimba au hata wasiwasi wa mimba, semeni kabla ya kupewa chochote.

Mleta mada: Nimetoka kutoa damu, majibu kesho. Ila famasi, bia nayo niiache miezi mitatu yote?

Nipo famasi: Yote.